Naomba ushauri: battle imebana, kura ya mwisho ni yangu

Wakuu, habari zenu. Nilikuwa jaji wa tatu kwenye battle ya michano (wachanaji wawili wanarap kwa kushambuliana) mtaani kwetu Temeke, raundi tatu. Wa kwanza mistari yake ilikuwa imeandikwa vizuri mno, vina vya kati na vya mwisho vyote vimekaa. Mwenzake raundi ya pili alichanwa kuhusu viatu vyake vilivyochanika, akaujibu mstari huo papo kwa papo, watu wakapagawa! Raundi ya tatu huyo huyo wa pili akasahau mistari, kimya kama sekunde tano, kisha akaendelea.

Majaji wenzangu wawili wamegawanyika. Nimeandika mistari yote kwenye daftari: nikisoma anashinda wa kwanza, nikiangalia video anashinda wa pili. URL (Ultimate Rap League), ligi ya battle za rap kule Marekani, kwa kawaida haina majaji, lakini hapa kuna zawadi.

Je, kusahau mistari kunampotezea raundi nzima? Na jibu la papo kwa papo mnalipa uzito gani mbele ya uandishi?