Farasi hashushi mapigo hadi 64 ndani ya dakika 15: safari ya km 40, Dodoma

Mdau wa Hombolo

Wakuu, salaam. Tunaandaa safari ya farasi ya km 40 upande wa Hombolo: mizunguko miwili ya km 20, katikati kituo cha daktari wa mifugo. Tumechukua kipimo cha kimataifa, mapigo ya moyo 64 kwa dakika au chini, ndani ya dakika 15 tangu kuvuka mstari. Farasi ana miaka 8, kilo kama 420, mazoezi ni km 15 mara nne kwa wiki, mwendo wa telki (mbio ndogo). Akimaliza km 20 anafika na 96. Dakika 15 zikipita bado yuko 72 hadi 76, na 64 anaigusa dakika ya 25. Hachechemei. Chakula ni majani makavu, pumba za mahindi kilo 4 na mtama mzima kilo 1 kwa siku. Maji njiani hagusi. Tatizo ni mazoezi, joto au chakula? Na ni kweli kwamba ukimwagia maji baridi farasi mwenye joto misuli inakamata?

Tandiko

Mkuu, hilo la misuli kukamata halina ukweli. Farasi mwenye joto amwagiwe maji, tena mengi na mwili mzima: shingo, kifua, mgongo, makalio, ndani ya mapaja. Mwagia mfululizo bila kupoteza muda kuyakamua. Tengeni angalau madumu manne ya lita 20 kwa kila farasi, ya kuogea tu. Kiangazi hewa ya Dodoma ni kavu na upepo hauishi, kwa hiyo maji yanakauka haraka na kuondoka na joto. Ukavu huohuo unadanganya: jasho linakauka kabla hujaliona, mpandaji anadhani farasi hatoki jasho, kumbe manyoya yameshaacha chumvi nyeupe.

Lakini dakika zako unazipotezea kabla ya mstari. Km 1.5 za mwisho shuka, legeza mkanda wa tumbo, mtembeze kwa mkono. Afike na 80 badala ya 96. Akishavuka, tandiko litoke mara moja, maji yaanze, mwelekeze kwenye upepo. Kivuli cha mbuyu kiangazi ni matawi matupu, tafuteni mkwaju au mwembe.

Halafu hakikisheni anayehesabu anajua. Stethoskopu iwekwe kushoto, nyuma tu ya kiwiko cha mguu wa mbele. Kila pigo lina sauti mbili, zinahesabiwa kuwa moja. Hesabu sekunde 15 zidisha kwa 4, na ikiwa karibu na 64 hesabu dakika nzima.

Daktari wa Mifugo, Kanda ya Kati

Naunga mkono ya kuogesha, ila naongeza tahadhari. Maji yanaweza kushusha namba huku farasi mwenyewe hayuko sawa. Kituoni pima hivi: chukua mapigo, mkimbize kwa telki mita 38 kwenda na 38 kurudi, kisha dakika moja kamili tangu alipoanza kukimbia pima tena. Namba ya pili ikizidi ya kwanza kwa zaidi ya 4, huyo amechoka au ana maumivu, hata kama ya kwanza ilikuwa 60. Bonyeza ufizi: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Sikiliza tumbo pande zote mbili, juu na chini. Tumbo lililo kimya halisubiri mzunguko wa pili.

Sasa hilo la kutokunywa, ambalo kwangu ndilo kiini cha swali lako. Jasho la binadamu lina chumvi kidogo kuliko damu, kwa hiyo tukitoka jasho damu inakolea na kiu inakuja. Jasho la farasi lina chumvi nyingi. Anapoteza maji na chumvi kwa pamoja, damu haikolei, ubongo hauambiwi kwamba kuna upungufu. Kwenye joto na kazi nzito anaweza kutoa lita 10 hadi 15 kwa saa, na bado anaipita ndoo bila kuinusa. Damu ikipungua, moyo unafidia kwa kupiga haraka. Hiyo 72 yako huenda ni hapo inapotokea.

Dawa yake ni chumvi. Kila siku nyumbani gramu 30 za chumvi ya mezani kwenye chakula. Kituoni, ndoo ya kwanza iwe ya chumvi: gramu 90 kwa lita 10. Akimaliza au akikataa, mpe ndoo ya maji matupu. Mzoesheni nyumbani wiki kadhaa kabla, kwa kuanza na gramu 20 kwa ndoo, maana siku ya safari hataikubali ladha mpya. Kwa safari ndefu zaidi, changanya sehemu mbili za chumvi ya mezani na moja ya kloridi ya potasiamu ya dukani kwa wauza kemikali, si ile ya mbolea. Kipimo ni gramu 30 hadi 60 kila kituo, na awe ameshakunywa. Chumvi kavu kwa farasi asiyekunywa inavuta maji kutoka mwilini kuingia tumboni, unamharibu zaidi.

Magadi msimpe kabisa. Farasi wa safari ndefu anapoteza kloridi nyingi na damu tayari inaelekea kwenye ualkali (kinyume cha tindikali), magadi yanaisukuma palepale. Pakiti za ORS za binadamu nazo hazisaidii sana: ya lita moja ina gramu 2.6 tu za chumvi na gramu 13.5 za glukosi.

Mfugaji Kongwa

Mimi pumba ndizo zimenishtua. Kilo 4 kwa siku ni fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno. Na kama majani yako ni Cenchrus, ile inayopendwa kwa ng'ombe wa nyama huku Kongwa, yana oksaleti inayofunga hata kalisi kidogo iliyopo. Ng'ombe anavumilia, farasi havumilii: mwili unachota kalisi kwenye mifupa, taya linavimba, miguu inauma bila uvimbe wa kuonekana. Farasi mwenye maumivu ya namna hiyo hashushi mapigo hata umwogeshe mchana kutwa. Kalisi ikipungua barabarani unaona pia ubavu ukiruka sambamba na moyo, kama kwikwi. Hapo safari imeisha, aitwe daktari.

Punguza pumba hadi kilo 1, weka gramu 60 za chokaa ya chakula cha mifugo, majani yafike kilo 7 hadi 8 kwa siku, changanya na alfalfa ukiipata. Nguvu itoke kwenye mafuta ya alizeti, hayo Dodoma na Singida hayana shida: anza mililita 50, panda taratibu hadi 250 ndani ya wiki tatu. Mashudu yasizidi nusu kilo, protini nyingi inaongeza joto na mkojo. Mtama uparazwe, mzima unatoka kama ulivyoingia.

Usiku wa kuamkia safari majani yawepo muda wote, utumbo wenye majani ndio tangi lake la maji. Nafaka iishe masaa manne kabla ya kuondoka. Na tafadhali, chakula cha kuku kisimkaribie. Dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo wa kuku) inayoitwa monensin inaua moyo wa farasi kwa kiasi kidogo sana.

Tandiko

Mazoezi: km 15 zilezile mara nne hazimjengi. Fanya mara tatu: moja ndefu ya taratibu, moja ya vilima kwa kutembea, moja fupi ya telki. Ongeza umbali au kasi, kamwe si vyote wiki moja. Moyo unakomaa miezi mitatu, kano zinataka zaidi ya mara mbili ya hapo. Mkiondoka saa 12 asubuhi kwa km 10 kwa saa, mnamaliza kabla ya saa 5.

Mdau wa Hombolo

Shukrani wakuu, pumba nazipunguza kuanzia leo. Moja la mwisho: kupe ni wengi, josho la ng'ombe liko jirani. Naweza kumpitisha humo?

Daktari wa Mifugo, Kanda ya Kati

Ulizia kwanza dawa iliyomo. Majosho mengi yana amitraz, na amitraz inasimamisha utumbo wa farasi hadi kinyesi kikwame. Usimpitishe. Tumia cypermethrin au deltamethrin kwa kufuata kibandiko, mpake kwa sponji masikioni, chini ya mkia na kwapani, na iwe siku kadhaa kabla ya safari ili ngozi isiwashe chini ya tandiko.