Tuchague wimbo upi wa Kijapani wa kuchezea ngoma katika tamasha la shule?

Mwalimu Msaidizi

Ndugu zangu, salaam. Ninafundisha Kiingereza nikiwa mwalimu msaidizi katika shule moja ya sekondari ya chini hapa Japani, na mwaka huu nimetwishwa jukumu ambalo sikulitafuta: kusaidia darasa la wanafunzi 32 wa mwaka wa pili kutayarisha ngoma ya dakika sita kwa ajili ya bunkasai, yaani tamasha la utamaduni la shule, litakalofanyika mwishoni mwa Oktoba katika ukumbi wa michezo. Wanafunzi hawajaafikiana. Wasichana wachache wanaojua kucheza wanataka vipande vya nyimbo tano za sasa viunganishwe. Wavulana wengi hawataki kuonekana kabisa. Naye mwalimu wa darasa, kwa upole wa Kijapani, ameshataja wimbo wa kienyeji wa Soran Bushi mara tatu. Nachelea kuwasukumia wimbo wanaouona wa kizee, au ambao kwa desturi haufai kusimamiwa na mgeni kama mimi. Ninyi mliosoma au kufundisha huku mliamuaje?

Aliyesoma Sapporo

Mwalimu, mtu akitaja jambo mara tatu kwa upole huko, ujue ameshalisema kwa sauti kubwa.

Soran Bushi ni wimbo wa kazi wa wavuvi wa samaki aina ya heringi wa Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, na sisi tuliokulia Pwani hatuhitaji kuelezwa mengi, kwa kuwa nyimbo zetu za kuvutia juya zinafanya kazi hiyo hiyo ya kuwapa watu wengi pumzi moja. Hata hivyo, ngoma inayochezwa mashuleni siyo ile ya wazee. Shule ya sekondari ya chini ya Wakkanai Minami, kwenye ncha ya kaskazini kabisa ya Hokkaido, ilikuwa ikisumbuliwa na utovu wa nidhamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi wake wakaanza kucheza wimbo huo kwa mpangilio wenye mdundo wa roki ulioimbwa na Ito Takio, na mtindo wao, unaojulikana kama Nanchu Soran, ukaenea katika shule za nchi nzima.

Faida yake kwako ni hao wavulana. Kila mwendo una maana yake: wimbi linainuka, wavu unavutwa, mzigo wa samaki unatupwa begani. Kijana anayeona haya akiambiwa "cheza" haoni haya akiambiwa "vuta wavu". Ugumu uko mapajani, maana karibu wimbo wote unachezwa magoti yakiwa yamekunjwa na kiuno kikiwa chini, na asiyeanza mazoezi mapema atasimama wima katikati ya ngoma kama mlingoti.

Kuhusu ugeni, ondoa shaka. Tamasha la Yosakoi Soran la Sapporo lilianzishwa mwaka 1992 na wanafunzi wa chuo kikuu waliochukua yosakoi ya mji wa Kochi, ngoma iliyoanza mwaka 1954, wakaichanganya na wimbo wa wavuvi wao. Wachezaji hushika naruko, vibao vidogo vya mbao vinavyogongana, ambavyo asili yake ni vyombo vya kuamia ndege katika mashamba ya mpunga. Muziki wenyewe kila kundi hujitungia litakavyo, ilimradi ndani yake kisikike kipande cha Soran Bushi. Kanuni hiyo inaweza kuwapatanisha wanafunzi wako.

Mama wa Nagoya

Ninakubaliana na ndugu yangu nusu tu. Mwanangu aliicheza Soran katika shule ya msingi miaka miwili mfululizo, na alipofika sekondari hakutaka hata kuisikia. Waulize kwanza ni wangapi wanaijua, kwa sababu jibu linaweza kukuokolea majuma mawili ya mazoezi au likakuonya.

Nyimbo tano ni hasara tupu. Hao wasichana watajifunza kwa siku tatu, wengine watabaki wakitazama miguu ya jirani, na kila wimbo unapobadilika nusu ya darasa itapotea. Kama ni lazima uwe wimbo wa sasa, basi uwe mmoja. "Koi" wa mwimbaji Hoshino Gen, wa mwaka 2016, unachezwa zaidi kwa mikono na hauhitaji nafasi kubwa, ingawa kasi yake si ya mchezo. "Paprika" wa mwaka 2018 uache. Uliimbwa na kundi la watoto, na kijana wa miaka 14 atauona wa kitoto. Wala wimbo kuwa mkongwe si kasoro: mwaka 2017 klabu ya ngoma ya sekondari moja ya juu ya Osaka ilisifiwa nchi nzima kwa kucheza wimbo wa pop wa mwaka 1985, wakiwa wamevaa na kujipodoa kama mama zao walipokuwa wasichana.

Umeshaongea na mwalimu wa michezo? Tangu mwaka 2012 ngoma ni somo la lazima kwa wavulana na wasichana wa sekondari ya chini. Yeye ndiye anayejua nani ana sikio la mdundo.

Mpiga Picha

Nyongeza fupi kuhusu haki. Sheria ya hakimiliki ya Japani, katika kifungu cha 38, inaruhusu kazi iliyokwisha kuchapishwa ichezwe bila kibali ikiwa hakuna lengo la faida, watazamaji hawatozwi kiingilio na wachezaji hawalipwi, kwa hiyo jukwaani hamna tatizo. Kuweka video mtandaoni ni habari nyingine kabisa: haki za mtunzi zinaweza kuwa zimeshughulikiwa na mtandao wenyewe, lakini rekodi ni mali ya kampuni iliyoirekodi. Halafu kuna nyuso za watoto, ambazo shule za huko hazifanyii mzaha.

Mwalimu Msaidizi

Ahsanteni sana. Nimewauliza: 19 kati ya 32 waliwahi kuicheza Soran, na wavulana wawili niliodhani ni mabubu wa ngoma ndio waliosimama kuwaonyesha wenzao jinsi ya kuvuta wavu. Tumeafikiana iwe Soran mwanzo na mwisho, na katikati tuweke sekunde 40 ambazo wale wasichana watazipangia miondoko yao wenyewe, lakini juu ya mdundo ule ule. Video itabaki shuleni. Stoo imetupatia makoti 30 ya happi, yale mafupi ya Kijapani ya kuvaliwa kwenye matamasha, na wawili waliokosa wamejitolea kupeperusha bendera.