Nani Atanirudishia? Gumzo la Familia Kuhusu Kripto

Hamisi: Shikamooni wakubwa. Dada Salma anaomba mchango wake wa familia wa mwezi huu autume kwa kripto, zile pesa za mtandaoni, kutoka huko aliko, asipitie benki. Tuzungumze kwanza hapa.

Shangazi Rehema: Marahaba. Swali langu ni moja tu. Ikipotea, nampigia nani?

Mjomba Idi: Shemeji, huna wa kumpigia kwa sababu huna wa kukuwekea. Pesa unaishika mwenyewe. Satoshi Nakamoto, aliyebuni Bitcoin, kripto ya kwanza, alitoa andiko lake Oktoba 2008, benki kubwa zikiwa zinaanguka. Alichotaka ni watu wawili walipane moja kwa moja bila kumtegemea mtu wa katikati.

Shangazi Rehema: Hilo nimelielewa shemeji, ila bado hujanijibu. Nikikosea anwani ya kutumia pesa je?

Salma: Shikamoo Shangazi. Ukikosea herufi moja, mara nyingi programu itaikataa, maana anwani ya Bitcoin ina sehemu ya kujihakiki. Hatari kubwa ni kunakili anwani nzima ya mtu mwingine. Muamala ukishathibitishwa haurudi. Na wapo matapeli wanaotengeneza anwani inayofanana na ya ndugu yako mwanzoni na mwishoni, wakijua watu hawasomi katikati.

Baba Mkubwa: Kitu cha namna hiyo utamkabidhi mama yako akitumie peke yake?

Salma: Kwa sasa hapana, Baba Mkubwa. Na ndiyo maana naona hapo ndipo kripto imekwama. Kila mwaka tunaambiwa watu wote wataihamia, halafu wanaoihamia wengi ni wanaonunua wakisubiri bei ipande. Kununua ili uuze baadaye si kutumia.

Mjomba Idi: Lakini usiseme imesimama pale pale. Januari 2024 Marekani iliruhusu mifuko ya uwekezaji ya kwenye soko la hisa inayoshika Bitcoin yenyewe. Watu wanaiweka kwenye akiba zao za uzeeni!

Salma: Kweli Mjomba. Ila angalia wameingiaje. Wameingia kupitia kampuni inayowatunzia, yenye msimamizi na mahali pa kulalamika. Hawakutaka kushika wenyewe funguo, yaani siri ya kufungulia pesa.

Hamisi: Mimi nilidhani tatizo ni kasi. Bitcoin inapitisha miamala kama saba tu kwa sekunde.

Mjomba Idi: Ndiyo, na kurasa mpya za daftari lake la miamala huandikwa kila baada ya dakika kumi hivi. Ila kuna mtandao wa Lightning juu yake, malipo madogo yanapita papo hapo. Na wale wanaolalamika kwamba kripto inakula umeme, Ethereum, mtandao mwingine wa kripto, ilibadili mfumo wake Septemba 2022 ikapunguza matumizi kwa zaidi ya asilimia 99. Mambo ya mitambo yanatatulika.

Baba Mkubwa: Na bei kuyumba nako kunatatulika?

Mjomba Idi: Ikitumiwa na wengi itatulia.

Baba Mkubwa: Idi, mtu anayelipwa mshahara hawezi kuisubiri itulie. Novemba 2021 Bitcoin moja ilipita dola 68,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000. Aliyeweka humo karo ya watoto angefanyaje?

Hamisi: Na ile nchi ya El Salvador je? Si walilazimisha Bitcoin kisheria?

Salma: Huo ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu serikali ilifanya karibu kila kitu ambacho watu wa kripto walikuwa wanakiomba. Septemba 2021 Bitcoin ikawa fedha halali, kila mfanyabiashara akatakiwa kuipokea. Ikatolewa programu ya simu iitwayo Chivo, na anayejiandikisha anapewa dola 30 za Bitcoin bure. Watafiti walipofuatilia, wengi walizitumia hizo 30 wakaachana nayo. Waliendelea na dola taslimu, pesa ya kawaida ya huko. Januari 2025 bunge likabadili sheria, kuipokea kukawa hiari, baada ya makubaliano ya mkopo na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF.
Kwa hiyo amri haikutosha, na zawadi haikutosha. Watu hawakuona kitu walichokosa kwenye dola ambacho Bitcoin inawapa.

Mjomba Idi: Nakubali zoezi lile liliharakishwa. Na Chivo ilianza kwa hitilafu nyingi.

Shangazi Rehema: Mnazunguka. Nani atanirudishia?

Salma: Shangazi, kwa sasa kuna milango miwili. Mlango wa kwanza unashika funguo mwenyewe, yale maneno 12 au 24 ya siri. Ukiyapoteza, hakuna ofisi duniani inayoweza kukufungulia. Mlango wa pili unaipa kampuni ikushikie, kisha unabaki kuomba iwe ya kweli. Kampuni ya Mt. Gox ilianguka 2014 ikiwa imepoteza bitcoin kama 850,000, ingawa 200,000 zilionekana baadaye. Nyingine, FTX, ikaanguka Novemba 2022, na mwanzilishi wake akahukumiwa miaka 25 Machi 2024.

Mjomba Idi: Hapo ninapinga. Zile zilikuwa kampuni za watu. Mtandao wa Bitcoin haukuanguka hata siku moja kati ya hizo.

Salma: Mjomba, ni kweli kabisa, na bado aliyepoteza akiba yake hajafarijika. Alikwenda kwa kampuni kwa sababu mlango wa kwanza unamtisha. Ukitaka watu wa kawaida waingie, lazima mlango mmojawapo uwe salama.

Baba Mkubwa: Sawa. Sasa nani anaushughulikia?

Salma: Ulaya wana sheria ya kripto iitwayo MiCA, inayowabana watoa huduma tangu mwisho wa 2024. Kampuni lazima itenge mali za wateja na zake, na ikizipoteza kwa kosa lake inawajibika kuzilipa. Marekani nao Julai 2025 walipitisha sheria ya sarafu thabiti, zile ambazo thamani yake imefungwa na dola. Kwa sheria hiyo kila sarafu lazima iwe na akiba ya thamani ile ile, kama dola taslimu au dhamana za serikali za muda mfupi. Mimi naona hizi ndizo zitafika kwa watu kabla ya Bitcoin, kwa sababu thamani yake ya kesho unaijua.

Baba Mkubwa: Unaijua au unaiamini?

Salma: Swali zuri. Machi 2023 USDC, mojawapo ya sarafu thabiti hizo, ilishuka hadi senti 87 hivi, maana dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa kwenye Silicon Valley Bank iliyofungwa. Ilirudi baada ya serikali ya Marekani kuwahakikishia wenye amana pesa zao. Iliokolewa na mfumo ule ule wa benki. Na UST, sarafu thabiti nyingine ambayo haikuwa na akiba ya dola, ilianguka Mei 2022 na haikuinuka tena.

Mjomba Idi: Basi tumerudi benki! Ikiwa kila kitu kinahitaji serikali na kampuni, Satoshi alihangaika bure. Inaniuma kusema hivyo.

Salma: Hapana Mjomba, usikate tamaa. Kuna pochi, yaani programu za kutunzia kripto, ambazo unateua watu unaowaamini, tuseme watano, na watatu kati yao wakikubali unarudishiwa njia ya kuingia. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kuchukua pesa yako peke yake. Tayari zipo kwenye Ethereum. Hiyo inaniridhisha zaidi kuliko sheria yoyote, kwa sababu unabaki mwenye pesa na huachwi peke yako.

Shangazi Rehema: Hiyo sasa nimeielewa. Ni nyinyi wa humu. Nikipoteza simu nawapigia.

Mjomba Idi: Hilo hata mimi naliunga mkono.

Hamisi: Turudi kwenye mchango. Faida yake ni ipi hasa kwetu?

Salma: Ada. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, kutuma dola 200 nje ya nchi hugharimu wastani wa zaidi ya asilimia 6. Lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya 3 ifikapo 2030. Sarafu thabiti inaweza kufika kwa dakika chache. Ila nami ninalipia kuinunua, na wewe utalipia kuibadilisha iwe pesa ya kununulia vitu. Wanaoisifia wanasahau hizo ncha mbili.

Baba Mkubwa: Basi mchango upite benki kama kawaida, hiyo ni pesa ya watu wengi. Salma, mtumie Hamisi kiasi kidogo cha kwako kwa njia hiyo. Hamisi, tuandikie hapa kilichotumwa, na kilichofika mkononi baada ya makato yote.

Hamisi: Sawa Baba Mkubwa.

Salma: Hamisi, kabla ya kunitumia anwani niambie pochi yako inapokea kwenye mtandao gani wa kripto, maana USDC iko kwenye mitandao mingi na nikikosea mtandao inaweza isionekane kabisa. Nitakupigia video unisomee anwani yote, na ya katikati pia.

Shangazi Rehema: Mkipiga hiyo video na mimi niunganisheni.