Mwanangu kapimwa masikio mazima, lakini darasani hashiki maneno. Nimtoe kwenye ngoma? (Bagamoyo)

Mama_Dunda:
Salaam wanajamvi. Naombeni mnisome hadi mwisho, jambo hili linaninyima usingizi.

Nina mtoto wa kiume, miaka 9, yuko darasa la nne hapa Bagamoyo. Tangu akiwa la pili walimu wanarudia neno moja: hasikilizi. Kwenye imla anaandika "taka" palipotajwa "paka", "bata" palipotajwa "pata". Juzi nimemtuma kata kwa jirani, karudi na kapu. Lakini usiku redio ikizimwa, tukikaa wawili barazani, namsimulia hadithi ndefu na kesho yake ananirudishia yote, hadi jina la punda. Shida inaanza pakiwa na watu. Darasa lao lina watoto zaidi ya 90, na mvua ikipiga bati ndiyo basi tena.

Nilimpeleka hospitali moja. Akavalishwa hedifoni, akawa ananyoosha mkono kila akisikia mlio. Majibu: masikio mazima. Aliyempima akasema mtoto mtundu huyu, mrudi. Nikamrudi, Mungu anisamehe. Kilichobadilika ni kwamba sasa nikimwita anakuja akitetemeka.

Upande wa pili kuna ngoma. Jirani yetu aliyesomea sanaa hapa hapa mjini anawafundisha watoto wa mtaa jioni, mara mbili kwa wiki. Huko mwanangu hakosei. Pigo likibadilishwa, yeye ndiye wa kwanza kulidaka. Baba yake, akiungwa mkono na mwalimu wa darasa, anataka nimtoe kwa sababu mwaka huu kuna mtihani wa taifa.

Usiku nimekuwa nasoma kwenye simu kazi za Nina Kraus, profesa wa Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani, jirani na Chicago. Anachunguza jinsi ubongo unavyoshughulikia sauti. Mtu anabandikwa vinasa umeme kichwani, anachezewa silabi moja, tuseme "da", tena na tena mara nyingi mno, huku umeme wa ubongo ukirekodiwa. Wimbi linalopatikana linafanana na wimbi la sauti yenyewe, kiasi kwamba ukilipitisha kwenye spika unaisikia silabi ile. Kwa wengine nakala hiyo ni safi. Kwa wengine inachelewa au imefifia, hasa kukiwa na kelele, ilhali masikio yao yalipimwa yakaonekana mazima. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikalia.

Nauliza: nimtoe kwenye ngoma au nimwache? Na nimpeleke wapi apimwe kitu zaidi ya ile milio?

Mwl_Mstaafu:
Pole sana mama. Nimefundisha miaka 31, na watoto kama wako nimewachapa kabla sijaelewa. Najuta hadi leo.

Angalia makosa yake ya imla vizuri. Paka, taka. Pata, bata. Irabu anazipata zote. Anachokosa ni ile konsonanti ya mwanzo. Herufi kama p, t na k zinatofautiana kwa kitu kidogo mno kinachopita chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha irabu inakuja na nguvu zake. Kelele ya darasa inameza kwanza kile kidogo. Huyo mtoto anasikiliza sana, tena anachoka kwa kusikiliza.

Nenda shuleni kwa upole. Usiende na utafiti wa profesa, nenda na ombi la dawati. Akae mbele, mbali na dirisha la uwanjani, mahali anapomwona mwalimu mdomo. Kwenye imla neno litajwe ndani ya sentensi: "paka amelala jikoni". Hapo hata kama "p" imempita, akili yake ina pa kushika.

Kaka_Mwambao:
Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Watoto wanaopelekwa kwenye muziki mara nyingi ni wale ambao tayari wana sikio zuri, au wana wazazi wenye muda nao. Ukiwapima baadaye ukawakuta bora, utajuaje kama ni muziki? Dada, mtihani hausubiri, na ngoma haifundishi kusoma. Namwelewa shemeji.

Mama_Dunda:
Kaka yangu, swali hilo nami nilijiuliza. Mwaka 2014 timu ya Kraus ilitoa matokeo ya watoto wa mitaa yenye maisha magumu huko Los Angeles, waliokuwa wanafundishwa muziki bure na Harmony Project. Hawakuchaguliwa kwa kipaji. Wengine walianza mara moja, wengine wakasubirishwa mwaka mzima ndipo wakaanza, kisha wakalinganishwa. Baada ya mwaka mmoja tofauti haikuonekana. Baada ya miaka miwili, ubongo wa walioanza mapema ulikuwa unatenganisha vizuri zaidi silabi zinazokaribiana, kama "ba" na "ga". Na hicho ndicho kinachomshinda mwanangu.

Kaka_Mwambao:
Sawa, hiyo ya kusubirishana imenijibu. Lakini umesema mwenyewe: miaka miwili. Mtihani uko miezi michache mbele. Basi aendelee na ngoma, ila usiihesabu kuwa ndiyo itakayombeba mwaka huu. Mtafutie pia wa kumsomesha peke yake, chumba kimya, hata nusu saa.

Kliniki_Tanga:
Dada, nafanya kazi kwenye kliniki ya masikio huku Tanga. Niongeze mambo ambayo nadhani yamerukwa.

Kipimo cha milio kinaeleza kitu kimoja: ndani ya chumba kimya, sikio linapokea mlio mdogo kiasi gani. Hakisemi lolote kuhusu maneno katikati ya kelele. Kwa hiyo "masikio mazima" ni jibu la kweli kwa swali dogo. Kumwambia mzazi amrudi mtoto halikuwa jibu la kitabibu hata kidogo.

Ila kabla hatujafika kwenye ubongo, tuhakikishe njia ya kwenda huko iko wazi. Watoto wengi hupata maji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua. Maji hayo huja na kuondoka. Siku ya kipimo yanaweza kuwa hayapo, wiki mbili baadaye yamerudi, na mtoto anasikia kama mtu aliyezama. Omba wamchungulie masikio na wamfanyie kile kipimo cha kusukuma hewa kidogo sikioni kuona kama hiyo ngoma ya sikio inacheza inavyotakiwa. Hakiumi, ni dakika chache.

Hapo pakiwa salama, ndipo aonwe na mtaalamu wa usikivu kwa vipimo vya maneno ndani ya kelele. Kwa kawaida hufanywa kwa watoto wa kuanzia miaka 7 hivi, kwa hiyo wako umri unaruhusu. Ulizia kitengo cha masikio, pua na koo Muhimbili, nenda na barua ya rufaa.

Na ngoma yenyewe: wapigie nje, si chumbani chini ya bati. Kikomo cha ukubwa wa kelele kinachopendekezwa kwa mtu mzima kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikipanda 3 muda unapungua nusu. Ndani ya kila sikio kuna seli zipatazo 3,500 tu zinazofanya kazi kubwa ya kupeleka sauti kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena.

Mpiga_Chapuo:
Dada yangu, nimekulia kwenye ngoma hizo hizo za mwambao. Watu wanadhani mpiga ngoma kazi yake mikono. Mwaka wa kwanza kazi yote ni sikio. Una chapuo yako, ile ngoma ndogo, pembeni vumi, ngoma kubwa, linanguruma, mbele kuna anayeongoza, wanawake wanaimba, watu wanapiga makofi. Katika yote hayo inabidi umsikie mmoja tu, yule anayekupa ishara ya kugeuza. Ukimkosa umeharibu. Mwanao akiweza hilo, basi kuchagua sauti moja ndani ya nyingi anakuweza. Ajifunze kukuhamishia darasani.

Mwambie mwalimu wake wa ngoma aanze kila somo kwa mdomo: aseme pigo, watoto wamjibu kwa mdomo, kisha ndipo washike ngoma. Silabi ziwe za kukaribiana, pa na ta, ka na ta. Sisi tulifundishwa hivyo na wazee.

Binti_Kaole:
Samahani, nyumbani mnaongea lugha gani?

Mama_Dunda:
Kiswahili. Bibi yake mzaa baba anamwongelesha Kikwere, na mtoto anamjibu vizuri tu. Mwalimu alituambia lugha mbili ndizo zimemvuruga, tukamwomba bibi aache. Kaacha, lakini amenuna.

Binti_Kaole:
Mrudishieni bibi lugha yake, nawaomba. Maabara hiyo hiyo ya Kraus mwaka 2012 iliwapima vijana wanaojua Kihispania na Kiingereza, wakalinganishwa na wenye lugha moja. Kukiwa na kelele, ubongo wa wenye lugha mbili ulilishika kwa nguvu zaidi lile pigo la msingi la sauti ya msemaji, ambalo ndilo linakusaidia kumfuata mtu mmoja kwenye kundi. Sisemi Kikwere kitamfaulisha mtihani. Nasema hakuna sababu ya kumnyang'anya.

Mama_Ngamiani:
Wangu ilikuwa maji, kama alivyosema wa kliniki. Miaka miwili tunamwita mzito wa akili. Usikubali kurudishwa mlangoni.

Mama_Dunda (wiki tatu baadaye):
Wapendwa, nimerudi. Masikio yamechunguliwa na kile kipimo cha hewa kimefanyika. Sikio la kushoto lina maji kidogo, la kulia safi. Daktari anasema hayo maji peke yake hayatoshi kueleza yote, tumwangalie tena baada ya miezi mitatu, na ameandika rufaa ya Muhimbili kwa mengine.

Mwalimu amemhamishia dawati la mbele bila ubishi. Alinisikiliza kuliko nilivyotegemea. Imla ya Ijumaa kakosa maneno manne kati ya 20, zamani yalikuwa hayapungui kumi.

Baba yake bado hajaridhika na ngoma, tumekubaliana iwe siku moja hadi mtihani uishe. Alhamisi alikwenda mwenyewe kumchukua, akasimama pale uwanjani hadi mwisho. Hajaniambia kitu. Bibi ameanza tena Kikwere chake.

Nami kila usiku nazima redio, namwita kwa sauti ya chini, namsubiri afike ndipo niseme. Kutetemeka kumepungua, hakujaisha.

Wa kliniki ya Tanga, nakuomba jambo. Kwenye rufaa wameandika "usikivu hafifu" tu. Naogopa tukifika kule watampima milio ile ile na kuturudisha. Niombe iandikwe nini ili apimwe maneno ndani ya kelele?

Kliniki_Tanga:
Rudi kwa daktari aliyeandika, mwombe aongeze: "milio imepimwa na iko kawaida, anashindwa kutofautisha konsonanti kukiwa na kelele, apimwe usikivu wa maneno ndani ya kelele na uchambuzi wa sauti." Beba daftari la imla, la zamani na la sasa. Na umwambie mtoto mapema kwamba safari hii hakuna wa kumgombeza.