Naomba ushauri: presi ya zamani ya haidroliki, pazia la mwanga na valvu moja

Habari za kazi ndugu mafundi, naombeni msaada wenu.

Nina presi ya haidroliki ya tani 100, ya zamani, bado ina nguvu. Ulinzi wake ulikuwa vitufe viwili tu vya mikono, na kimoja mtu angeweza kukikandamiza kwa kipande cha mbao akafanya kazi kwa mkono mmoja. Hilo lilikuwa linaninyima usingizi. Nimeshafunga relei ya usalama inayotaka vitufe vyote vibonyezwe ndani ya nusu sekunde na kuachiwa kabla ya mzunguko mwingine.

Sasa nataka kuongeza pazia la mwanga (miale inayosimamisha mashine mkono ukiikata), linaloweza kugundua kitu cha kuanzia milimita 14. Nimepima muda wa kusimama, mfumo mzima, ni sekunde 0.2. Kwa kasi ya mkono ya milimita 2000 kwa sekunde, pazia linatakiwa kukaa milimita 400 kutoka kwenye dai (umbo la chuma ambapo kazi inakandamizwa). Fremu inaniruhusu 280 tu.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba ushukaji wa kichwa cha presi (sehemu inayoshuka kukandamiza) unategemea valvu moja. Ikikwama wazi, pazia litakata umeme wa solenoidi (koili inayofungua valvu) lakini kichwa kitaendelea kushuka.

Je, nianze na valvu mbili za mfululizo zenye kufuatiliwa (moja ikikwama, mfumo ujue na kuzuia mzunguko unaofuata), na zinaweza kupunguza muda wa kusimama? Au nisogeze pazia mbali zaidi na dai kwa mabano, kisha nizibe vipi nafasi inayobaki ili mtu asisimame ndani yake?