Tupeane uzoefu: Nani mwingine amekua na Xena? Alikuachia nini?

Mwana wa Makorora
Wakuu, salaam. Jana mtoto wa kaka yangu kaniuliza kama enzi zetu kulikuwa na steringi wa kike. Nimeshindwa kukaa kimya. Tulikuwa naye, na mpaka leo sijaona wa kumfikia: Xena.

Kilichonishika mimi si ngumi wala upanga, ni kwamba alianza akiwa adui. Aliingia kwenye tamthilia ya Hercules akiwa mbabe wa vita mwenye jeshi, na mpango ulikuwa afe kwenye sehemu yake ya tatu. Wakaona hapana, huyu asife. Mwaka huohuo wa 1995 akapewa tamthilia yake mwenyewe, ikaenda misimu 6 mpaka 2001. Sehemu 134, na karibu zote anahangaika kulipa aliyoyafanya kabla hatujamjua. Leteni kumbukumbu zenu.

Antena ya Mwanzi
Umenikumbusha mbali sana mkuu. Kwetu TV ilikuwa moja mtaa mzima, chogo dogo linalokula betri ya gari, na mwenye nyumba hakuingizi kama hujanawa miguu. Betri ikianza kuchoka picha inajibana pande zote mbili, Xena anabaki mwembamba kama ufito, na bado anapiga watu. Hakuna aliyenyanyuka mpaka ijizime yenyewe.

Bi Mkunazi
Kile kigelegele chake anaporuka sarakasi! Tulichapwa kwa ajili ya kile kigelegele.

Kisiki cha Mpingo
Samahanini, lakini Hercules ndiye aliyemtengeneza. Bila Hercules hakuna Xena.

Antena ya Mwanzi
Hercules baba yake Zeus, nguvu kazaliwa nazo. Xena alitoka kijijini Amphipolis, mama yake ana nyumba ya wageni. Kila alichonacho kajifunza. Usitulinganishie.

Kisiki cha Mpingo
Nani aliyemgeuza roho? Jibu hilo kwanza.

Mwana wa Makorora
Alianza kugeuka kabla. Jeshi lake lilipochinja kijiji, yeye akaokoa kichanga. Askari wake wakajipanga mistari miwili, apite katikati wakimpiga, na akapita akatoka mzima. Hercules alimkuta moyo umeshapasuka.

Mdogo Mtu
Sikutaka kuandika, lakini hii mada imenifukua.

Dada yangu ndiye alikuwa Xena wa mtaa wetu. Mimi nililazimishwa kuwa Gabrielle, yule rafiki anayesafiri na Xena, natembea na fimbo ya mpera. Kile kisahani cha chuma anachorusha Xena, kwetu kilikuwa mfuniko wa sufuria ya ubwabwa. Siku moja aliurusha ukagonga mwimo wa mlango, ukarudi ukiviringika mpaka miguuni kwa mama, umebonyea upande. Alichapwa, na usiku akalala anacheka.

Alipokua, akina mama wa mtaani walimpa ashike hela za upatu. Mama yetu ndiye aliyemdhamini. Ikafika zamu ya mjane mmoja kupokea. Dada hayupo, hela haipo. Wale akina mama walikuja wote asubuhi, wakakaa barazani, hakuna anayefoka wala kutukana. Mama akatoa cherehani yake, wakaibeba. Akatoa kabati la vyombo, wakalibeba. Alipoanza kuvua hereni masikioni, yule mjane mwenyewe akasimama akasema, "Basi jamani, inatosha." Mama aliingia ndani na hereni moja sikioni, nyingine kaifumbata, na hakutoka tena siku ile.

Miaka imepita. Sasa dada ananipigia. Anataka kurudi, ana sehemu ya hela, anataka kuwalipa na kuomba radhi mbele ya mama. Nimemfikishia mama. Jibu lake: "Huko sina mtoto." Baba hayupo, mkubwa niliyebaki ni mimi.

Nakumbuka sehemu ya kwanza kabisa. Xena kafukia silaha zake, karudi kwao, mama yake Cyrene hataki kumuona, wanakijiji wameokota mawe na yeye hajitetei. Aliyewazuia ni Gabrielle, kwa maneno tu. Mimi maneno hayo sina. Nifanyeje?

Bi Mkunazi
Pole mwanangu. Pole sana.

Kisiki cha Mpingo
Hela kwanza, machozi baadaye. Aanze na mjane, wengine wafuate.

Shangazi Kanga Moja
Hapana! Akija na hela mkononi ataonekana amekuja kununua watu. Atangulie mtu mzima, shangazi au mjomba, aongee na mama. Hela itolewe mama akishamwitikia salamu.

Dereva Usiku
Asije kabisa. Atume kwa simu, kila mtu apate chake, yaishe.

Shangazi Kanga Moja
Radhi ya mama haitumwi kwa simu, Dereva.

Antena ya Mwanzi
Akija, fichani mifuniko kwanza. Lakini kweli Mdogo Mtu, usibebe peke yako.

Mti Pori
Wote mnamtazama anayerudi. Mimi nawakumbusha Callisto. Jeshi la Xena lilichoma kijiji chake, Cirra, familia yake ikaishia humo, naye alikuwa mtoto. Xena akatubu, akawa mwema, dunia ikampigia makofi. Callisto alibaki na majivu, akaua watu kwa jina la Xena, mwisho akamuua mume wa Gabrielle siku moja tu baada ya harusi. Mimi nilikuwa upande wa Callisto tangu nikiwa mdogo, na bado nipo. Mdogo Mtu, dada yako ana hamu ya kutua mzigo. Nenda kamuulize yule mjane yeye anataka nini.

Mdogo Mtu
Hili sikuwa nimelifikiria. Asante.

Kisiki cha Mpingo
Ndiyo maana mwisho wa Xena ulikuwa wa haki. Kule Japa, yaani Japani ya kwenye tamthilia, moto wake uliua watu 40,000, akakubali kubaki mfu ili roho zao zipumzike. Alilipa.

Bi Mkunazi
Haki gani! Gabrielle alikuwa na uwezo wa kumrudisha kabla jua halijazama, yeye akakataa. Misimu 6 mtu anatenda mema, halafu umuue? Anayekufa amemlipa nani? Angebaki hai awatumikie watu.

Mti Pori
Hapo nakuunga mkono, na ni nadra.

Dereva Usiku
Na wale wawili walikuwa wapenzi au marafiki? Semeni ukweli.

Shangazi Kanga Moja
Marafiki tu, kama mimi na jirani yangu. Usituharibie.

Mwana wa Makorora
Watayarishaji waliacha makusudi bila kusema wazi. Huko Marekani wanawake wanaopenda wanawake walimshika Xena kwa sababu ilikuwa nadra kujiona kwenye TV. Hilo ni sehemu ya historia yake. Kila mmoja alichukua alichokihitaji.

Antena ya Mwanzi
Yule mama aliyemwigiza Xena, Lucy Lawless, ni wa New Zealand, na karibu yote ilipigwa hukohuko. Mwaka 1996 akaanguka na farasi Los Angeles, akavunjika nyonga. Walichofanya: roho ya Xena ilishahamishiwa mwili wa Callisto kwenye hadithi, basi wakaiacha humo kwa muda ili Hudson Leick, aliyekuwa akiigiza Callisto, acheze nafasi yake. Halafu mwaka 2005 wataalamu wa nyota wakagundua lile gimba la angani la mbali kuliko Pluto, wakalipachika jina la Xena, na mwezi wake Gabrielle. Mwaka 2006 likaja jina rasmi, Eris. Nani mwingine kwenye TV kafika huko?

Kisiki cha Mpingo
Hercules ana kundi zima la nyota, tangu kale.

Antena ya Mwanzi
Wewe leo hulali.

Mdogo Mtu
Nimerudi. Nilikwenda kwa yule mjane. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kaniambia hela yake alishaisamehe, anachotaka ni cherehani ya mama irudi nyumbani, maana kila akipita pale barazani anajisikia mwizi yeye. Dada kakubali kuikomboa kabla ya kitu kingine chochote. Shangazi yetu wa Muheza anashuka Jumamosi kuongea na mama.

Shangazi Kanga Moja
Jumamosi jioni, si asubuhi. Mama aswali kwanza, ale, ndipo mseme. Na tunasubiri mrejesho.