Yule wa koleo pale Grogan: "Mama, hizi hazina kazi"

Mama_Ranger:
Jameni, ndio nimefika nyumbani sasa hivi. Gari langu limeletwa likiwa juu ya gari lingine, na mikono bado inatetemeka kwa hasira. Mnamjua. Sitaji jina, na sina haja ya kulitaja. Yule anayejiita daktari wa waya, mwenye koleo la mpini mwekundu. Kila mwenye Ford mji huu ameshaelekezwa kwake na shemeji ya mtu.

Nilimpelekea Ranger kwa sababu ya taa ya breki ya kushoto. TAA YA BREKI. Yeye akachomoa karatasi iliyolowa oili kana kwamba ni ya enzi za Moi, imeandikwa "Ranger 2011", akaitandaza kwenye boneti na kufuata mistari kwa kidole. Halafu akaingiza kichwa chini ya usukani, akavuta waya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja, akaangalia karatasi, akaangalia waya, akasema: "Mama, hizi hazina kazi. Haziko kwa mchoro." Kach! Mbele ya macho yangu!

Kuwasha gari, dashibodi ikawaka kila taa iliyonayo, hata zingine sijui za nini. Injini kimya. Akapangusa mikono akaniambia nimemletea gari lenye "shida ya kompyuta", niongeze pesa.

Nikampokonya ile karatasi. Imechorwa koili na plagi za petroli, silinda sita! Langu ni dizeli, 2.2, silinda nne. Koili litazitoa wapi? Nikamwonyesha. Akajibu, "Ford ni Ford, mama." Huyo mtu akiachiwa lile koleo pale bwawa la umeme la Kindaruma, nchi nzima italala giza. Hazina kazi! Waya zimesokotwa kiwandani, zikafungwa tepu, zikapitishwa nyuma ya dashibodi nzima, eti hazina kazi. Ila karatasi yake ya oili ndiyo ina kazi!

Otis_wa_Umoja:
Huyo! Kaka yangu alimpelekea honi, gari likarudi halina hata wipa.

Probox_Daima:
Probox ina waya nne na redio. Nunueni Probox mlale usingizi.

Mama_Ranger:
@Probox_Daima tangu lini Probox ikavuta tela ya ng'ombe kutoka Kajiado? Hapa tunaongea habari ya mtu aliyekata waya nzima huku akinitazama usoni.

Waya_na_Fyuzi:
Pole sana dada. Hiyo karatasi najua ilikotoka. Ranger ya Marekani na hii yetu ni magari mawili tofauti yaliyopewa jina moja. Ile ya kwao ya 2011 ilikuwa ya petroli tu, ikiundwa St. Paul, Minnesota, na Desemba mwaka huo kiwanda kikafungwa. Yetu, inayoitwa T6, ilibuniwa Australia, ikaundwa Thailand na Silverton kule Afrika Kusini. Wamarekani wenyewe hawakuuziwa Ranger tena hadi modeli ya 2019. Sasa mtu akitafuta "Ranger 2011" kwenye simu anapata ya kwao, usukani kushoto, anaichapisha, anaanza kukata. Mchoro wa waya hutafutwa kwa namba ya chasisi.

Hizo mbili ni za CAN. Kompyuta za gari huongea kupitia hapo, na zimesokotwa ili umeme wa pembeni usizivuruge. Toa betri, pima ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya OBD, ile ya kuchomekea mashine ya kupima gari, chini ya usukani. Kila mwisho wa laini una kizuizi cha omu 120, kwa hivyo zikiwa nzima vyote viwili vinapimwa sambamba na unasoma 60 hivi; zikikatwa unasoma kimoja tu.

Mama_Ranger:
Shemeji amepima. 120. MIA MOJA ISHIRINI! Upande mmoja hausikii mwingine kabisa. Na mtu alisimama na ovaroli yake akaniambia hazina kazi!

Kamau_Spea:
Sasa wewe uliona koleo linaingia ukanyamaza? Hata kuku akiona kisu hupiga kelele.

Mama_Ranger:
Sikunyamaza! Nilisema "ngoja", kabla sijamaliza koleo likafunga. Kach. Bado nalisikia. Nataka pesa yangu, na nataka aseme mbele ya vijana wake wote kwamba zilikuwa na kazi.

Jeep_ya_Ruaka:
Shukuru wewe hata uliona karatasi. Mimi nina Grand Cherokee. Nikatafuta mchoro wa fyuzi kwa jamaa mmoja anayeuza kwa simu, mnamjua pia, nikatuma pesa. Akanitumia wa F-150! Nikampigia, akasema "zote ni za Marekani, mkubwa." Zote za Marekani! Moja ya Ford, nyingine Jeep! Halafu namba ikazimwa.

Otis_wa_Umoja:
Hata ungepata wa Jeep, michoro mingi mtandaoni ni ya usukani wa kushoto. Hapa sheria inataka usukani wa kulia. Unaambiwa soketi iko pembeni mwa mlango wa dereva, unaitafuta hadi goti linapinda, kumbe iko kwa abiria.

Probox_Daima:
Probox.

Mama_Ranger:
Jameni, nani ana fundi wa kuziunga vizuri? Ambaye hatafunga tepu tu na kuniambia niombe Mungu?

Waya_na_Fyuzi:
Ziungwe kwa solda, zisokotwe tena vile vile karibu na kiungo, na asiongeze urefu ovyo. Akikataa kusokota, mkimbie.

Kamau_Spea:
Mnalia na waya? Mimi wiki hii nimeibiwa vioo vya pembeni vyote viwili kwenye jam ya Globe, mchana kweupe, nikiwa ndani! Kesho yake nikaenda kununua vingine, nikapewa vyangu. Namba niliyochora mwenyewe kwenye kioo iko pale pale!

Jeep_ya_Ruaka:
Vioo? Mimi walibeba taa nzima ya mbele. Bei ya taa ya Jeep unaijua wewe?

Otis_wa_Umoja:
@Kamau_Spea walikuuzia ngapi? Mimi vyangu niliitishwa elfu sita, na kimoja kina ufa ambao mimi ndiye niliuweka.